Ncha ya Pili ya Kamba

Mwaka 2000, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, Henry Wanyoike wa Kikuyu alifanya jambo ambalo vitabu vya rekodi havina safu ya kuliandika. Alikuwa akiongoza fainali ya mita 5,000 ya wanariadha wasioona, daraja la T11, ambamo kila mkimbiaji huwa na mwongozaji anayeona, nao wameunganishwa mikono kwa kamba fupi. Mwongozaji wake alikuwa mgonjwa. Mizunguko ya mwisho ilimkuta ameishiwa nguvu, na kanuni haimruhusu mkimbiaji kumwacha mwenzake nyuma akamalize peke yake. Wanyoike akageuka yeye kuwa mwongozaji. Akamvuta, akamsukuma, akamburura mpaka wote wawili wakavuka mstari, naye akatwaa dhahabu.

Miaka 24 baadaye, kwenye marathoni ya Paralimpiki ya Paris, Elena Congost wa Hispania alikuwa anakuja wa tatu, zimebaki mita chache tu, na aliyemfuata yuko mbali nyuma. Mwongozaji wake akabanwa na misuli, akapepesuka. Congost akaiachia kamba kufumba na kufumbua ili amdake asianguke. Walimaliza pamoja. Siku hiyohiyo waamuzi walimfuta kwenye matokeo, kwa kuwa kamba haipaswi kuachiwa kabla ya mstari.

Ukiziweka mbio hizi mbili sambamba, unaona upungufu wa orodha zetu za rekodi. Huandika jina moja, muda na mwaka, basi. Kwa wanamichezo wenye ulemavu jina moja halitoshi, kwa sababu mara nyingi kuna mtu wa pili aliyeshika ncha nyingine ya kamba, na kuna mlango ambao mtu fulani aliufungua au aliubana. Kwa hiyo katika orodha hii ya wa kwanza, wa kasi zaidi na wa juu zaidi, nimemtafuta huyo wa pili kila alipopatikana, na mlango nao nimeutaja.

Rekodi mbili ndani ya wiki moja

Wanyoike hakuzaliwa haoni. Alikuwa kijana mkimbiaji kama maelfu ya vijana wa Kenya, mpaka usiku mmoja wa mwaka 1995 alipopatwa na kiharusi. Alipoamka, asilimia 95 ya uwezo wake wa kuona ilikuwa imepotea. Alipita kipindi cha kukata tamaa, akajifunza kufuma sweta ili apate riziki, kisha akarudi kwenye mbio.

Athens 2004 ndiyo iliyomweka kwenye kilele: dhahabu ya mita 5,000 kwa dakika 15:11.07 na ya mita 10,000 kwa dakika 31:37.25, zote mbili rekodi za dunia za daraja lake. Lakini mimi huyaona makubwa zaidi yaliyotokea Aprili 2005. Alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:32:51, rekodi ya dunia kwa wasioona. Wiki moja tu baadaye akasimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Hamburg, akakimbia kwa saa 2:31:31. Wakimbiaji wa marathoni hujipa miezi kadhaa miili ipone kabla ya kurudia umbali huo. Yeye alijipa siku saba, na akaivunja rekodi yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi aliyeshika ncha ya pili alikuwa Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Kazi ya mwongozaji haijulikani vya kutosha kwetu. Lazima awe na kasi kuliko anayemwongoza, maana anakimbia huku anaongea: kona inakuja, kuna mtu kulia, ongeza mwendo sasa. Hatua zao lazima zilingane, mkono kwa mkono. Halafu, baada ya kazi yote hiyo, kanuni inamtaka avuke mstari akiwa nyuma ya mwanariadha wake. Kwa miaka mingi aliondoka uwanjani shingo tupu. Ni kuanzia London 2012 ndipo waongozaji wa riadha walipoanza kuvishwa medali pamoja na wanariadha wao.

Na ilikuwa London hiyohiyo ambapo Samwel Mushai Kimani wa Kenya, akiongozwa na James Boit, alishinda mita 1,500 za T11 kwa dakika 3:58.37, rekodi ya dunia. Wakimbiaji hao wawili walirudi Rio 2016 wakatwaa dhahabu tena. Tokyo nayo, kwenye michezo iliyofanyika 2021, ikawa zamu ya Nancy Chelangat Koech na mwongozaji wake Geoffrey Rotich: shaba ya mita 1,500, medali pekee ya Kenya katika michezo yote hiyo.

Wanne waliomaliza mbele ya bingwa wa Olimpiki

Tarehe 20 Agosti 2016 Matthew Centrowitz wa Marekani alishinda fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Rio kwa dakika 3:50.00. Wiki tatu baadaye, katika mji huohuo, ikaja fainali ya Paralimpiki ya daraja la T13, la watu wenye uoni hafifu wanaokimbia bila mwongozaji. Abdellatif Baka wa Algeria alimaliza wa kwanza kwa 3:48.29. Wa pili Tamiru Demisse wa Ethiopia, 3:48.49. Wa tatu Henry Kirwa wa Kenya, 3:49.59. Wa nne Fouad Baka, 3:49.84. Wote wanne walikuwa na kasi kuliko bingwa wa Olimpiki, na mmoja wao hakupata hata medali.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Fainali ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, wakimbiaji wakajizuia mpaka mzunguko wa mwisho, na ushindi wa Centrowitz ulikuwa wa polepole kuliko wowote tangu 1932. Wakimbiaji wale wa Olimpiki wana muda bora zaidi ya huo. Lakini sikubali hoja ya wanaolitumia jambo hili kuifuta habari yote. Waliokimbia T13 hawakukabidhiwa muda wa bure. Waliukimbia, kwenye fainali, dhahabu ikiwa inasubiri. Kirwa hakuwa mgeni pia: Beijing 2008 alikuwa ametwaa dhahabu 3. Demisse naye alivuka mstari amepishanisha mikono juu ya kichwa, kama Mwethiopia mwenzake Feyisa Lilesa alivyofanya kwenye marathoni ya Olimpiki mwezi uliotangulia, kupinga ukandamizaji nyumbani kwao. Mtu mwenye uoni hafifu aliamua dunia imwone kwa jambo jingine kabisa.

Juu ya Kilimanjaro

Hakuna mlima uliobeba rekodi nyingi za watu wenye ulemavu karibu nasi kama huu wa mita 5,895, na hakuna habari zinazosimuliwa kwa upungufu kama hizi.

Mwanzo wa rekodi hizo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha Waafrika wasioona kilipanda Kilimanjaro, na miongoni mwao alikuwamo kijana wa Uganda aitwaye Tofiri Kibuuka. Baadaye alihamia Norway, akajifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1976, Paralimpiki ya kwanza kabisa ya majira ya baridi ilipofanyika Örnsköldsvik nchini Sweden, Kibuuka alikuwapo akiiwakilisha Uganda. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Kuanzia 1984 alikimbia katika Paralimpiki za kiangazi kwa jina la Norway na akapata medali. Mtu wa kutoka nchi inayokatwa na Ikweta, haoni, anashindana kwenye theluji ya Skandinavia: ingekuwa nchi nyingine, jina lake lingekuwa kwenye vitabu vya shule za msingi.

Erik Weihenmayer, Mmarekani asiyeona ambaye Mei 2001 alikuwa wa kwanza wa hali yake kufika kilele cha Everest, alikuwa ameshapita Kilimanjaro miaka minne kabla, na harusi yake aliifungia mlimani humo. Kule Everest aliyemtangulia alivaa kengele, naye akaifuata sauti hatua kwa hatua. Ile kengele ilikuwa kamba ya namna nyingine.

Wanaotumia viti mwendo nao wana historia yao. Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye mtindio wa ubongo, alifika kileleni mwaka 2003 kwa siku 9, kisha akarudi 2007 akatumia siku 6. Mwaka 2009 Chris Waddell, Mmarekani aliyepooza kuanzia kiunoni na bingwa wa zamani wa Paralimpiki za theluji, alipanda kwa chombo cha magurudumu manne anachokizungusha kwa mikono. Alikuwa amepania kufika bila kubebwa hata hatua moja. Njiani akakutana na mawe makubwa ambayo gurudumu haliwezi kuyapita, na wapagazi wakambeba kipande kifupi, kama mita 30. Mwanzoni jambo hilo lilimuumiza sana, akaona ndoto yake imevunjika. Baadaye alilitazama upya, na likawa ndilo somo analolihubiri: mlima haupandwi na mtu mmoja.

Mwaka 2012 ulileta wawili. Januari, Kyle Maynard, Mmarekani aliyezaliwa bila mikono chini ya viwiko wala miguu chini ya magoti, alitambaa mpaka kilele cha Uhuru bila viungo bandia, ncha za mikono na miguu yake zikiwa zimekingwa kwa mipira ya tairi za baiskeli. Alibeba majivu ya askari wa nchi yake aliyefia vitani, kwa ombi la mama wa marehemu. Juni akafuata Spencer West, Mmarekani aliyekuwa akiishi Kanada, ambaye miguu yake ilikatwa akiwa mtoto wa miaka 5, naye alipanda sehemu kubwa ya njia kwa mikono. Rafiki zake wawili walipougua kwa sababu ya kimo cha mlima, yeye ndiye aliyewatia moyo waendelee. Fedha zilizochangwa kwa safari ile zilikwenda kwenye miradi ya maji nchini Kenya.

Sasa soma habari hizi zilivyoandikwa nje, uhesabu ni mara ngapi jina la Mtanzania mmoja limetajwa. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na wanastahili. Mtu anabeba mzigo wa hadi kilo 20 kichwani au mgongoni, anampita mgeni njiani ili atakapofika kambini akute hema limesimama na maji yamechemka, na usiku wa kwenda kileleni waongozaji wanatembea pole pole pembeni yake wakimsikiliza anavyopumua. Anapopanda mgeni mwenye kiti mwendo, kazi hiyo huzidi: kusukuma, kuinua, kutafuta njia kwenye kokoto zinazoteleza. Ujuzi huo upo Marangu, Machame na Moshi, umejengwa kwa miaka mingi, na haujaandikwa popote ipasavyo. Ningependa kuona kampuni za utalii na mamlaka ya hifadhi zikiwalipa wagumu hawa kama mabingwa wa fani hii. Dunia inakuja kuvunja rekodi zake mgongoni mwao.

Nepal ilikuwa na habari tofauti. Mwishoni mwa 2017 serikali ilipiga marufuku wasioona na waliokatwa miguu yote miwili kupanda Everest. Hari Budha Magar, mzaliwa wa nchi hiyo aliyekuwa askari katika jeshi la Uingereza na aliyepoteza miguu yote miwili kwa bomu huko Afghanistan mwaka 2010, alikuwa tayari anajiandaa. Ikabidi marufuku ile ipingwe mahakamani kwanza, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Nepal ikaizuia. Tarehe 19 Mei 2023 Magar alisimama kileleni, mtu wa kwanza duniani aliyekatwa miguu yote juu ya magoti kufika pale. Mawakili wa kesi ile wana sehemu yao katika rekodi hiyo.

Kasi ya magurudumu, na choo cha treni

Oktoba 2023, mjini Chicago, marehemu Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanaokimbia kwa miguu, saa 2:00:35. Marcel Hug wa Uswisi alimaliza umbali uleule kwa kiti mwendo cha mashindano kwa saa 1:17:47, mjini Oita, Japani, Novemba 2021. Alivunja rekodi ya mwenzake Heinz Frei iliyokuwa imedumu miaka 22.

Yote yalianza kwa ahadi. Mwaka 1975 Bob Hall aliomba kushiriki marathoni ya Boston kwa kiti mwendo. Mkurugenzi wa mbio alimwambia kwamba akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wakimbiaji wengine. Hall alimaliza kwa saa 2:58. Cheti kile ndicho kilichofungua njia kwa kila kiti mwendo tunachokiona leo kwenye marathoni kubwa duniani.

Aliyevuna zaidi kutokana na njia hiyo ni Tatyana McFadden. Alizaliwa Urusi akiwa na mgongo wazi, akalelewa kwenye kituo cha yatima kisicho na kiti mwendo, akawa anatembea kwa mikono mpaka alipochukuliwa na mama wa Kimarekani. Mwaka 2013 alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York ndani ya mwaka mmoja. Kabla ya hapo, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari katika jimbo la Maryland, alikuwa ameshafanya jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ushindi wote huo. Shule ilimtaka akimbie peke yake uwanjani, mbali na wenzake. Alikwenda mahakamani, akashinda, na mwaka 2008 jimbo hilo likatunga sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi sawa katika michezo ya shule.

Kwetu, aliyetangulia kwenye magurudumu ni Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Bungoma. Alipatwa na polio akiwa na miaka 2, na kijijini kukawa na waliosema ni laana. Alisoma shule ya Joytown, Thika, akahitimu Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Athens 2004, akiwa amevaa rangi za Kenya, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kushindana kwa kiti mwendo katika Paralimpiki. Baadaye alikimbia kwa jina la Uingereza, nchi ya mumewe, na akapewa nishani ya Malkia.

Mwishoni mwa 2016 mama huyu alipanda treni nchini Uingereza kwa safari ya saa kadhaa. Choo cha abiria wa viti mwendo kilikuwa kibovu. Alijizuia mpaka mwili ukashindwa, akajikojolea ndani ya behewa, mbele za watu. Angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Aliamua kulisema gazetini, kwa jina lake na picha yake, ili mwingine asipitie hayo. Kampuni iliomba radhi na mjadala ukaenea nchi nzima. Sijui kama kuna kitabu kinachorekodi ujasiri wa namna hiyo. Ninajua tu kwamba kukimbia mita 400 mbele ya umati ni rahisi kuliko kusimulia habari ile. Nalo ni swali kwa mabasi yetu ya mikoani, yenye ngazi tatu mlangoni na dakika kumi za kuchimba dawa porini: abiria wa kiti mwendo anafanyaje?

Waliopigana, kisha wakacheza timu moja

Rwanda haijawahi kushinda dhahabu ya mpira wa wavu wa kukaa. Hata hivyo timu yake ya wanaume, iliyofika London 2012, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufuzu mchezo huo katika Paralimpiki, na wanawake wakafuata Rio 2016. Wachezaji huketi sakafuni, na mwili hautakiwi kuachana na sakafu unapopiga mpira. Wavu wa wanaume una kimo cha mita 1.15 tu, kwa hiyo mpira unarudi kwa kasi ya kutisha na mikono ndiyo miguu.

Ndani ya timu hiyo walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukundo. Katika vita vya miaka ya 1990 walikuwa askari wa pande zinazopigana, na kila mmoja alipoteza mguu. Miaka baadaye wakavaa jezi moja, wakawa marafiki. Bizimana akaongoza pia kamati ya Paralimpiki ya nchi yake. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasita kuongeza neno juu yake.

Tanzania nayo ina Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na hucheza kwa magongo bila mguu bandia. Kipa ana mkono mmoja na haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Gongo likigusa mpira kwa makusudi ni sawa na kuunawa. Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam iliandaa Kombe la Afrika la mchezo huu, Tembo wakapata tiketi ya Kombe la Dunia, na Oktoba 2022 mjini Istanbul wakafika robo fainali. Mwezi huohuo Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India. Mwezi mmoja, robo fainali mbili za dunia. Nchi ilistahili kuzishangilia zote kwa sauti moja.

Mwezi uliofuata, huko Poland, Marcin Oleksy, aliyekuwa fundi wa barabara kabla ya ajali kumkata mguu, alijirusha juu ya magongo yake akapiga tikitaka iliyokwenda moja kwa moja wavuni. Februari 2023 FIFA ilimpa tuzo ya Puskás ya bao bora la mwaka, na walioachwa nyuma walikuwa Dimitri Payet na Richarlison. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa soka la waliokatwa viungo kuipata. Bao lile lilishindanishwa na mabao yote ya dunia, katika orodha moja.

Nani anaonyeshwa, nani anasikika

Watu wa Kinshasa waliwajua wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliopatwa na polio, wakizunguka kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia na kupiga mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya jiji. Albamu yao ya mwaka 2009 iliwapeleka Ulaya, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Kamera ilipowafikia, muziki ulikuwa tayari.

Kwa michezo, kamera ilichelewa zaidi. Ni mpaka Tokyo, mwaka 2021, ndipo Paralimpiki ilipotangazwa bure katika nchi 49 za Afrika kusini mwa Sahara. Maana yake ni kwamba rekodi nyingi za Wakenya nilizozitaja hapo juu ziliwekwa huku majirani wa mabingwa hao wakizisikia kama uvumi. Mwaka uliofuata kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilitangaza Paralimpiki ya majira ya baridi ya Beijing kwa timu ya watangazaji ambao wote wana ulemavu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika popote.

Sheria zetu hazikulala. Kenya, kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya alama au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu, na Katiba ya 2010 ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu za Bunge. Ila kiziwi akimaliza kuangalia taarifa ya habari na mechi ikaanza, mkalimani huondoka.

Kuna chombo kimoja ambacho kimefanya kazi hii vizuri miaka yote bila kusifiwa, nacho ni redio. Mtangazaji wa mpira wa Kiswahili anamwambia msikilizaji mpira uko wingi gani, nani anaufuata, refa amesimama wapi, jua linawapiga akina nani usoni. Asiyeona na anayeona wanashangilia bao sekunde ileile. Televisheni ilipokuja, watangazaji wengi walianza kuzungumza kama vile kila mtu anaona. Ni ustadi tulio nao tayari, na unarudishika.

Rekodi isiyoweza kuvunjwa

Husnah Kukundakwe wa Uganda, muogeleaji aliyezaliwa bila sehemu ya mkono wa kulia, alikuwa na miaka 14 alipofika Tokyo. Hakukuwa na mwanamichezo mdogo kuliko yeye katika Paralimpiki ile. Alikuwapo tena Paris 2024, na michezo ya Los Angeles ya 2028 itamkuta na miaka 21, umri ambao waogeleaji wengi ndio kwanza wanaiva.

Kenya inakwenda huko na hesabu ngumu. Beijing 2008 ilipata medali 9, tano za dhahabu. Rio 2016 zikawa 6. Tokyo moja. Paris moja tena, fedha ya Samson Ojuka Opiyo katika kuruka umbali, na hiyo yenyewe ni habari njema, maana tumezoea kuziona medali zetu kwenye mbio ndefu tu. Sababu za kushuka ni kadhaa: nchi nyingine zimewekeza, viti mwendo vya mashindano vinauzwa kwa maelfu ya dola, na ratiba ya Paralimpiki yenyewe imebadilika. Mbio za mita 10,000 zimeondolewa kabisa. Yale mashindano ambayo Wanyoike na mwongozaji wake walimaliza kwa dakika 31:37.25 kule Athens hayakimbiwi tena na asiyeona yeyote katika Paralimpiki, wala hakuna kijana wa Kikuyu au Eldoret anayeweza kwenda kuujaribu muda huo. Anayetaka zirudi atalazimika kulipeleka jambo hilo kwa wanaopanga ratiba, na kamati zetu za Paralimpiki za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali zina sauti kwenye vikao hivyo.